Sauti unayoisikia unaposoma Qur'an ni ya nani?

 

Ndugu msomaji, miezi michache iliyopita, baada ya darasa la baina ya Magharibi na Isha katika msikiti mmoja wa Ngarenaro hapa Arusha, mzee mmoja anayeuza mitumba soko la Kilombero alinisubiri mpaka watu wakapungua. Akanisogelea, akasema kwa sauti ya chini: "Ustadh, mimi nina tatizo. Nikifungua msahafu nikaanza kusoma kimya kimya, nasikia sauti."

Vijana wawili waliokuwa wakikunja mkeka waliposikia hivyo wakaanza kunong'onezana habari za majini. Mmoja hata alikuwa tayari na jina la mtu anayesoma ruqya, mtu ambaye haanzi kazi mpaka apewe jogoo na fedha mkononi. Nikawaomba watulie. Nikamuuliza yule mzee: "Sauti hiyo inasema nini, mzee wangu?"

Akajibu: "Inasoma hayo hayo ninayoyasoma mimi. Lakini si sauti yangu, ni sauti ya mwalimu wangu wa chuo. Na nikikosea irabu, mkono wangu unajikunja wenyewe, kama vile naiona bakora inashuka."

Mzee huyu ana umri upatao miaka hamsini na mitano. Mwalimu wake amekwishatangulia mbele ya haki zamani. Tangu alipotoka chuoni utotoni, kwa maneno yake mwenyewe, hajamaliza juzuu hata moja. Huswali, hufunga, hutoa zaka. Lakini msahafu uko juu ya kabati, umefungwa kitambaa kizuri, na haufunguliwi.

Sikuwa na jibu la papo kwa papo. Nilimwombea dua, nikamwomba anipe muda. Nilipokwenda nyumbani nikajiuliza: hivi mtu anaposoma, ndani yake kunatokea nini? Ni sauti ya nani inayosoma kichwani? Na picha zinazotujia, za bustani, za moto, za tembo na ndege, zinatoka wapi? Na dini yetu inasemaje juu ya hayo? Niliyoyapata ndiyo ninayowaletea leo.

KILA MSOMAJI ANA KITU NDANI

Kwanza tuelewe kwamba kuwa na sauti ya ndani si ugonjwa wala si jini. Allah (s.w) anatufahamisha katika Surat Qaaf (50:16) kwamba Yeye ndiye aliyemuumba mwanadamu, na anayajua yale ambayo nafsi ya mtu inamnong'oneza, na kwamba Yeye yu karibu naye kuliko mshipa wa shingo yake. Kwa hiyo nafsi kuzungumza ni katika maumbile. Wanazuoni wetu wakaliita jambo hili hadithun-nafsi, yaani mazungumzo ya nafsi. Na katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w) alitubashiria kwamba Allah (s.w) ameusamehe umma wake kwa yale ambayo nafsi zao zinazungumza, maadamu hawajayatamka wala kuyatenda.

Watafiti wa zama hizi nao wamelichunguza jambo hili. Wamegundua kwamba mtu anaposoma kimya, misuli midogo ya midomo na koo yake mara nyingi inatikisika kidogo bila mwenyewe kujua, kana kwamba mwili unataka kutamka. Mwingereza mmoja, Francis Galton, mwaka 1880 alichapisha matokeo ya maswali aliyowauliza watu: akiwataka wakumbuke meza waliyokula asubuhi ile, wanaiona akilini au hawaioni? Akakuta watu wanahitilafiana mno. Kuna walioiona kama iko mbele yao na rangi zake zote, na kuna ambao hawakuona chochote, wakashangaa hata kuulizwa. Mwaka 2015 daktari Adam Zeman na wenzake wa Uingereza wakaipa hali hiyo ya kutoona picha akilini jina la afantasia.

Nikaona nisiishie kwenye vitabu. Nilikuwa na kipindi cha Elimu ya Dini ya Kiislamu na kidato cha tatu. Nikawaambia: "Someni Surat al-Fiyl kimya kimya, halafu kila mmoja aniambie amesikia nini na ameona nini."

Majibu yalinishangaza. Mmoja alisema ameona tembo wakivuka barabara, vile vile alivyowaona Tarangire siku walipokwenda ziara ya shule. Binti mmoja alisema ameisikia sura yote kwa sauti ya Sheikh Abdul Basit Abdus Samad wa Misri, kwa sababu baba yake alikuwa akimsikiliza kwenye kaseti kila alfajiri, na siku hizi anamsikiliza kwenye simu. Mwingine alimsikia bibi yake wa Tengeru aliyemfundisha sura fupi fupi jikoni. Kijana mmoja wa Kiarusha kutoka upande wa Ngaramtoni akasema Kiarabu anakisikia kwa sauti yake mwenyewe, lakini akijiuliza maana yake ni nini, jibu linamjia kwa lugha ya mama yake.

Na mmoja akasema: "Mimi sioni kitu, Ustadh. Naona herufi tu." Wenzake wakacheka. Nikaona uso wake umeshuka, kana kwamba amekiri upungufu wa imani.

Huyo nilimwambia, na wewe msomaji uliye kama yeye nakwambia: usihuzunike. Kuona picha akilini ni kipaji kama vipaji vingine, wengine wamepewa kingi na wengine hawakupewa. Si kipimo cha taqwa. Mkumbuke Abdullah ibn Ummi Maktum (r.a). Alikuwa kipofu. Allah (s.w) akateremsha kwa ajili yake mwanzo wa Surat Abasa (80), akimzindua Mtume wake kwamba huyu aliyekuja akijitahidi huenda ndiye atakayetakasika. Na Bukhari amepokea kutoka kwa al-Baraa kwamba watu wa mwanzo kufika Madina kuwafundisha wenyeji Qur'an walikuwa Mus'ab ibn Umayr na huyu huyu ibn Ummi Maktum. Kipofu ndiye aliyekuwa mwalimu! Hakuona ukurasa, na wala hakuna anayejua akili yake ilimchorea nini. Lakini moyo wake uliona.

ULIMI NAO UNA HAKI YAKE

Wako ndugu zetu ambao wakisikia habari ya sauti ya ndani husema: "Basi yatosha kusoma moyoni." Hapa pana haja ya ufafanuzi.

Katika swala, kusoma moyoni tu hakuhesabiki kuwa ni kisomo. Mafaqihi wa madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo yaliyoenea huku kwetu Afrika Mashariki, wameeleza kwamba anayeswali sharti atikise ulimi na ajisikie mwenyewe, ikiwa masikio yake ni mazima na hapana kelele. Ushahidi wa vitendo tunao. Watu walimuuliza Khabbab (r.a): mlijuaje kwamba Mtume (s.a.w) anasoma katika Adhuhuri na Alasiri, na hali swala hizo ni za kimya? Akawajibu kwamba walijua kwa kutikisika kwa ndevu zake. Hadithi hii iko katika Bukhari. Tazama, ndugu yangu, kisomo cha Mtume (s.a.w) hakikusikika na walio nyuma, lakini kilionekana.

Kwa upande mwingine, mafaqihi hao hao wamesema kwamba mwenye janaba haruhusiwi kuisoma Qur'an kwa ulimi, lakini kuipitisha moyoni bila kutikisa ulimi hakumdhuru. Maana yake wanazuoni wetu walikwisha kuitambua tofauti ya sauti ya ulimi na sauti ya moyo karne nyingi zilizopita, na kila moja wakaipa hukumu yake.

Na ikiwa unasoma nje ya swala, usome kwa sauti au kimya? Abu Daud na Tirmidhi wamepokea kwamba usiku mmoja Mtume (s.a.w) alimpitia Abubakar (r.a) akimkuta anasoma kwa sauti ya chini sana, kisha akampitia Umar (r.a) akimkuta anasoma kwa sauti ya juu. Alipowauliza, Abubakar akasema kwamba Yule anayemnong'oneza amekwisha kumsikia. Umar akasema kwamba anawaamsha wenye kusinzia na kumfukuza shetani. Mtume (s.a.w) hakumkataza yeyote. Alimwambia Abubakar apandishe kidogo, na Umar ashushe kidogo. Hili ndilo tunaloelekezwa pia katika Surat Bani Israil (17:110), kushika njia ya kati, baina ya kupaza sauti na kuificha kabisa.

Na jambo la kuzingatia zaidi ni wakati. Katika Surat al-Muzzammil (73:4-6) Mtume (s.a.w) aliamrishwa asome kwa utaratibu, na akaambiwa kwamba kisomo cha usiku kina athari kubwa zaidi na maneno yake yananyooka zaidi. Ibn Abbas (r.a) ameeleza kwamba wakati huo ndipo masikio na moyo hukubaliana. Sisi tunaokaa mjini tunalijua hili kwa uzoefu. Mchana vifodi vinapiga honi, wapiga debe wanaita abiria, simu inalia, na sauti ya ndani inafunikwa. Lakini saa tisa ya usiku, katika baridi ya mwezi wa saba, Arusha yote imenyamaza. Saa hiyo mtu akisoma hujisikia mwenyewe.

MLIMA MERU NA SURAT AL-HASHR

Sasa tuje kwenye picha. Je, ni sawa Muislamu akisoma habari za Pepo na Moto kujiona yuko mbele yake?

Jibu tunalipata kwa Hanzala (r.a), mmoja wa waandishi wa Mtume (s.a.w). Siku moja alikutana na Abubakar akamwambia kwamba yeye Hanzala amekuwa mnafiki. Abubakar akashtuka akamuuliza sababu. Akasema kwamba wanapokuwa na Mtume (s.a.w) akiwakumbusha Pepo na Moto, huwa kama wanaviona kwa macho yao, lakini wakirudi kwa wake zao, watoto na mashamba, mengi wanayasahau. Abubakar akasema kwamba hata yeye hali yake ni hiyo hiyo. Walipomwendea Mtume (s.a.w), hakuwaambia kwamba ile picha ni upuuzi, wala hakuwaambia kwamba kutoweka kwake ni unafiki. Aliwafahamisha kwamba lau wangedumu katika hali ile, malaika wangepeana nao mikono vitandani na njiani, lakini mambo ni saa hii na saa hii. Hadithi hii ameipokea Muslim.

Tunajifunza mambo mawili. Kwanza, Maswahaba walikuwa wakiona kwa akili zao, na lilikuwa ni tunda la mawaidha. Pili, picha huja na kuondoka, na mtu asijihukumu kuwa mnafiki kwa sababu leo amesoma Surat ar-Rahman bila kuona bustani.

Qur'an yenyewe inatufundisha kwa mifano ya kuonekana. Katika Surat al-Hashr (59:21) Allah (s.w) anatuambia kwamba lau angeiteremsha Qur'an hii juu ya mlima, tungeuona mlima ule umenyenyekea na kupasuka kwa kumcha Yeye, na kwamba mifano hiyo anawapigia watu ili wapate kufikiri. Zingatia kwamba aya inasema ungeuona. Tunatakiwa tuione picha, kisha tufikiri.

Na sisi wa Arusha tunao mlima wa kuufikiria. Kila asubuhi, mawingu yakifunguka, tunauona Meru umesimama juu ya mji, zaidi ya mita 4,500 kutoka usawa wa bahari. Ukiutazama kutoka Sakina au Mnara wa Saa unaona mlima mzima, usiotikisika. Lakini panda gari uzunguke upande wa mashariki, uingie Hifadhi ya Arusha mpaka Momella. Hapo utauona Meru mwingine. Ubavu wote wa mashariki haupo. Ulipasuka na kuporomoka maelfu ya miaka iliyopita, ukaacha ukuta mkubwa wa mawe uliosimama wima mfano wa kiatu cha farasi, na maziwa ya Momella yakajikusanya katika kifusi chake. Ndani ya tumbo hilo lililo wazi umeota mlima mdogo wa majivu, na volkano hiyo ilitoa moshi na majivu kwa mara ya mwisho mwaka 1910.

Sisemi kwamba ile aya inazungumzia Meru. Wataalamu wa miamba wameeleza sababu za mlima wa volkano kuporomoka. Ninachosema ni kwamba niliwapeleka wanafunzi wangu Momella, tukasimama mbele ya ule ukuta, nikawasomea aya ile. Hakuna aliyeniuliza maana ya neno kupasuka. Binti mmoja alisema: "Ustadh, kumbe na mlima unaweza." Na yule kijana asiyeona picha akilini alisimama kando kwa muda mrefu. Tulipokuwa tunarudi kwenye gari akaniambia kwamba yeye hakujiuliza kuhusu mlima. Alijiuliza kwa nini yeye ameisoma aya ile mara nyingi na hakuna kitu kilichopasuka ndani yake. Nani kati yetu aliifahamu aya ile vizuri zaidi?

Hata hivyo, picha zina mipaka. Allah (s.w) ametuambia katika Surat ash-Shura (42:11) kwamba hakuna chochote mfano wake. Kwa hiyo akili ikianza kumchorea Mola wako umbo, isimamishe, kwani lolote iliyochora si Yeye. Na kuhusu Pepo, tunafahamishwa katika Surat as-Sajda (32:17) na katika hadithi sahihi kwamba waja wema wametayarishiwa yale ambayo jicho halijayaona, sikio halijayasikia, na hayajapita katika moyo wa mwanadamu. Ukiiona bustani ya migomba ya Meru na maji yakipita kwenye mifereji, ni vizuri, ikupe hamu. Lakini ujue kwamba iliyo ya kweli inazidi uliyoiona.

SAUTI ISIYO NA MAANA

Lipo jambo jingine la kusikitisha. Wengi wetu sauti ya ndani ikisoma Kiarabu, inasoma bila ya sisi kujua inasema nini. Thawabu ya kuisoma ipo na hatuipunguzi. Lakini katika Surat Saad (38:29) tunaambiwa kwamba Kitabu hiki kimeteremshwa ili watu wazizingatie aya zake, na katika Surat Muhammad (47:24) wanaulizwa wasioizingatia kama mioyo yao ina kufuli.

Lugha isitufanye tukate tamaa. Tafsiri ya kwanza kamili ya Kiswahili ilichapishwa mwaka 1923 na padri Godfrey Dale wa misheni ya Kiingereza, ikiwa na maelezo ya kuupinga Uislamu. Hebu fikiri: Mswahili aliyetaka kuisikia Qur'an kwa lugha yake wakati ule aliisikia kwa sauti ya padri! Mwaka 1953 ikafuata tafsiri ya Sheikh Mubarak Ahmad wa Jumuiya ya Ahmadiyya. Ndipo Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy wa Zanzibar, ambaye baadaye alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alipoifanya kazi yake kubwa, Qurani Takatifu, iliyochapishwa kamili mwaka 1969 na Islamic Foundation ya Nairobi. Baada yake akaja Sheikh Ali Muhsin al-Barwani na tafsiri yake. Wazee hawa walitutolea kufuli mlangoni. Kama leo bado hatuingii, kosa ni la nani?

WASIWASI, NA PALE UNAPOKUWA MARADHI

Binti mmoja aliniandikia karatasi bila jina. Alisema akisoma Surat al-Ikhlas inamjia sauti ndani inayosema maneno mabaya mno juu ya Allah (s.w). Ameogopa kwamba ameritadi, na kwa wiki tatu ameacha kuswali.

Binti yangu, kama unasoma makala haya, jibu lako liko katika Sahih Muslim. Maswahaba walimwendea Mtume (s.a.w) wakamwambia kwamba wanakuta katika nafsi zao mambo ambayo ni mazito mno kwao kuyatamka. Akawaambia kwamba hiyo ndiyo imani iliyo wazi. Yaani ile hofu yako, ule uzito unaokuzuia usiyatamke, ndio ushahidi kwamba imani ipo. Na Uthman ibn Abil-As (r.a) alipolalamika kwamba shetani anamchanganya katika swala na kisomo chake, alifundishwa ajikinge kwa Allah na ateme mate mepesi kushoto mara tatu. Hakuambiwa aache swala. Rudi kwenye swala yako leo.

Lakini tusichanganye mambo. Sauti ya kusoma, na wasiwasi unaokuja na kwenda, ni kitu kimoja. Mtu anayesikia sauti kana kwamba zinatoka nje, zikimwamrisha ajidhuru au adhuru wengine, asiyelala siku nyingi, anayewaogopa watu wa nyumbani kwake bila sababu, huyo ni mgonjwa. Mtume (s.a.w) ametuamrisha tutafute tiba, akatufahamisha kwamba Allah hakuteremsha ugonjwa ila ameuwekea dawa. Msomeeni Qur'an, ndiyo, na mpelekeni hospitali. Kumfunga mgonjwa kamba, kumpiga ili "jini litoke", au kumkamua mama yake fedha, hayo si katika ruqya ya Mtume (s.a.w).

SAUTI YA MWALIMU

Sasa nirudi kwa mzee wetu wa Kilombero.

Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, katika kitabu chake cha Ihyaa ameeleza adabu za ndani za msomaji. Miongoni mwake ni msomaji kuhisi kwamba yeye mwenyewe ndiye anayesemeshwa: ikija amri, ameamrishwa yeye, likija onyo, ameonywa yeye. Kisha akataja daraja. Ya chini ni kusoma kana kwamba umesimama mbele ya Allah, unamsomea naye anakusikiliza. Ya juu yake ni kuwa kana kwamba Mola wako ndiye anayekuzungumzisha kwa upole wake. Iko ya tatu juu ya hizo, ambayo ni ya watu wachache.

Upole! Yule mzee alipofungua msahafu hakuisikia sauti ya upole wa Mola wake. Alisikia bakora. Miaka arobaini na zaidi bakora imesimama baina yake na maneno ya Arrahman. Sikusudii kuwavunjia heshima walimu wetu wa vyuo. Walitufundisha bure au kwa senti chache, wakiwa na njaa, na lau si wao tusingejua alifu. Allah awalipe. Lakini mfano wetu ni Mtume (s.a.w). Muawiya ibn al-Hakam (r.a) aliingia katika swala akazungumza, kwa kutokujua. Baada ya swala Mtume (s.a.w) akamweleza kwamba swala haifai ndani yake maneno ya watu. Muawiya akawa anasimulia kwamba hajapata kumwona mwalimu bora kuliko yeye, kabla yake wala baada yake. Hakumkaripia, hakumpiga, hakumtukana. Ameipokea Muslim. Unaona alichokihifadhi? Pamoja na somo, aliihifadhi sauti ya aliyemfundisha.

Na hapa sina budi kusema ukweli juu ya nafsi yangu. Nilipotoka chuo kikuu nikaanza kusaidia madrasa jioni, nami nilishika fimbo. Nilimchapa mtoto wa miaka tisa kwa kuchanganya haa na khaa. Mtoto yule hakurudi tena. Leo ni kijana mkubwa, mahali fulani. Mzee wa Kilombero aliponieleza habari ya mwalimu wake, niliyemkumbuka ni mtoto yule. Nikajiuliza: akifungua msahafu, anasikia sauti ya nani? Ninaogopa kwamba anaisikia yangu. Nimemtafuta nimwombe msamaha, sijampata.

TUFANYE NINI

Kwanza, tusome tukijisikiliza. Ukurasa mmoja kwa utulivu, ulimi ukitikisika, ni bora kuliko juzuu nzima macho yakikimbia.

Pili, tusome maana. Chagua aya tano, soma Kiarabu, soma Kiswahili, kisha urudie Kiarabu. Utaona sauti ya ndani imebadilika.

Tatu, asiyeona picha asijilazimishe, na anayeona asijivune. Katika Surat az-Zumar (39:23) waumini wametajwa kwa ngozi zao kusisimka kisha ngozi na mioyo yao kulainika. Tujipime kwa hilo, na kwa matendo yanayofuata.

Nne, wazazi na walimu wa madrasa, tuelewe kwamba sauti zetu zitabaki ndani ya watoto hawa sisi tukiwa makaburini. Mtoto akikosea, mrekebishe mara ya pili na ya kumi kwa sauti ile unayotaka aisikie akiwa na miaka hamsini, peke yake, usiku, amefungua msahafu.

Kwa yule mzee, tulianza na Surat adh-Dhuha (93), sura ambayo Allah (s.w) anamliwaza Mtume wake kwamba hakumwacha wala hakuchukizwa naye, na anamkumbusha asimwonee yatima. Mzee wetu aliachwa yatima akiwa mdogo, jambo ambalo sikulijua nilipoichagua sura hiyo. Tunasoma pamoja kila Jumatano baada ya Isha, mimi nasikiliza tu. Juma lililopita alikosea irabu, mkono wake ukaanza kujikunja. Akanitazama. Sikusema kitu. Akajirekebisha mwenyewe, akaendelea mpaka mwisho.

Nikamuuliza: "Sauti bado ipo, mzee wangu?"

Akasema: "Ipo, Ustadh. Lakini leo alikuwa anasoma na mimi, hakuwa ananisimamia."

Tumwombe Allah (s.w) aijaalie Qur'an kuwa nuru ya vifua vyetu, awasamehe walimu wetu waliotangulia na sisi tuliobaki, na amrejeshe kwenye Kitabu chake kila aliyefukuzwa na ukali wetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.